Ukimya Alioukata Chapu

Lori lilisimama mbele ya duka la Mjomba likaziba jua lote. Chapu, aliyekuwa akifagia vipande vya waya na skrubu zilizoanguka chini, aliinua kichwa akidhani mvua inakuja.

Kila siku akitoka shule, kabla ya kwenda kwenye mazoezi ya mpira wa pete, alipitia hapo dukani. Lilikuwa chumba kimoja chenye dirisha la kuhudumia wateja. Mjomba wake alitengeneza simu na redio, aliwaingizia watu nyimbo kwenye kadi zao za kumbukumbu, na aliwachapia barua za kuomba kazi. Chapu alifagia, alipanga waya, na siku hizi aliruhusiwa hata kuingiza nyimbo, maana vidole vyake vilikuwa vyepesi. Jina lake la utani lilitokana na wepesi huo. Ukimtuma, alikuwa amesharudi kabla hujamaliza kumwelekeza. Mara nyingi alirudi na kitu sicho, kwa sababu hiyohiyo.

Aliyeshuka kwenye lori alikuwa mwanamume mrefu, mwenye mvi, ambaye hawakuwahi kumwona. Shati lake lilikuwa limepauka upande mmoja tu, ule wa mkono unaokaa dirishani.

"Shikamoo," Chapu alimwamkia.

"Marahaba, binti. Fundi yupo?"

Mjomba alichungulia kutoka nyuma ya kompyuta. Dereva alitoa leso mfukoni, akaifungua taratibu kama mtu anayefungua kidonda. Ndani yake mlikuwa na kadi ndogo nyeusi.

"Nimeambiwa mnajua mambo ya sauti."

"Inategemea sauti yenyewe," Mjomba alisema kwa utani. "Kama ni mke anamgombeza mumewe, hiyo hatuigusi."

Dereva alitabasamu kidogo. "Huyu hakuwa mgomvi."

Mjomba alilisikia hilo "hakuwa". Alivuta kiti, akampisha mgeni akae.

"Mimi maisha yangu ni barabara," dereva alieleza. "Siku moja nilimtania mke wangu, nikamwambia nyumba yangu naijua usiku tu, mchana siijui. Basi, siku niliyokuwa na safari ya karibu, akawasha kinasa sauti asubuhi nilipotoka, akakiweka juu ya kabati la vyombo. Akakiacha kinarekodi mpaka niliporudi jioni. Akaniambia, 'Haya, mchana wako huo.' Mwishoni kabisa unasikia honi yangu kule njia panda, naye anasema, 'Huyo.' Nilikuwa naipiga kila nikirudi, ili aweke maji ya chai motoni." Alikunja leso, akaikunjua. "Mwezi uliopita tumemzika."

"Pole sana, mzee."

"Nimeshapoa. Sasa redio ya lori haiwezi kulifungua. Ni faili moja, refu mno. Kijana mmoja alilijaribu kwenye kompyuta yake, kompyuta ikazima. Na kinasa sauti chenyewe kimeshakufa. Nataka mnikatie vipande ambavyo redio itavisoma, niwe naye njiani. Kesho jioni nitapita. Keshokutwa, jua likipungua, naanza safari ndefu."

"Hakuna neno litakalopotea," Mjomba alisema.

"Maneno si mengi," dereva alijibu akiinuka. "Hakuwa msemaji."

Chapu aliyasikia hayo, lakini tayari alikuwa anafunga kamba za viatu. Keshokutwa, Jumamosi, ilikuwa fainali, na yeye ndiye mfungaji wa timu.

Kabla hajatoka, Mjomba alimwita aone. Alibofya lile faili. Kompyuta, ambayo wao waliiita Bibi kwa uzee wake, ilikoroma, ikaganda.

"Unaona? Diski ni stoo, kumbukumbu ni meza ya kazi. Programu hii inataka faili lote lipande mezani kwa mkupuo, na meza ya Bibi ni ndogo." Alimwonyesha barazani, ambako fundi cherehani, jirani yao, alikuwa akishona mapazia. "Mtazame huyo. Jora lile likitandikwa lote litafunika duka zima. Lakini halitandiki. Linapita chini ya sindano kidogokidogo, kilichoshonwa kinaangukia upande wa pili. Na sisi tutafanya hivyo. Nitaandika programu fupi isome kipande kimoja, ikiandike, ikiachie, ndipo isome kingine."

"Mwambieni Bibi yenu akajifunze kwangu," fundi cherehani alidakia bila kuinua macho. "Simtozi."

"Lakini kwanza nakala," Mjomba aliendelea. "Humu dukani nakala hutangulia kila kitu. Diski yetu imejaa, kesho nitaenda kuazima nyingine. Mpaka nirudi, kadi hii isiguswe. Umenielewa, mama?"

"Nimekuelewa, Mjomba."

Kesho yake Mjomba alikwenda kuazima diski, akamwacha Chapu dirishani. Wateja walikuwa wachache. Kadi ilikuwa palepale mezani, ndani ya kisahani, imefunikwa na leso. Chapu aliwaza jinsi Mjomba atakavyorudi na kukuta kazi imekwisha. Aliwaza atakavyosifiwa. Akaichukua.

Alijua programu nyingine ndogo, ambayo Mjomba aliitumia kupunguza hotuba za mikutano. Hiyo haikuhitaji kumbukumbu kubwa. Ilipita juu ya faili taratibu na kuondoa kila mahali ambapo hakuna anayeongea. Chapu aliona ni jambo la busara kabisa. Nani anasafiri na ukimya? Aliiacha ifanye kazi. Siku nzima ya kinasa sauti ikasinyaa, ikawa fupi kama nyimbo chache tu. Bibi akaifungua bila kukoroma. Chapu akaikata vipande, lakini kadi ilikuwa imejaa, vipande havikuingia. Basi akalifuta lile faili refu lisilofunguka. Vipande vikaingia vyote.

Mjomba alirudi na diski kwapani. Kabla hajaiweka chini, lori likasimama nje.

"Tayari, mzee," Chapu alisema, na furaha ilimjaa mpaka machoni. "Inafunguka vizuri kabisa."

Mjomba alimtazama kwa mshangao. Dereva alikuwa ameshavaa hedifoni. Alikaa, akafumba macho, mikono juu ya magoti, kama mtu aliyekaribishwa sebuleni.

Alisikiliza muda mfupi tu. Kisha akafumbua macho, akamtazama Chapu.

"Binti, yuko wapi?"

"Nani?"

"Mke wangu. Haya ni maneno yake. Yeye mwenyewe yuko wapi?"

Alimvika Chapu hedifoni. Sauti ya mwanamke ilikuwa ikisema: "Weka hapo. Nani? Karibu. Hayupo, atarudi jioni. Ngoja kwanza. Toka, kuku wewe. Huyo." Maneno yalifuatana moja juu ya jingine, kama ya mtu anayehojiwa polisi.

"Ndivyo ilivyokuwa kwenye kadi," alisema.

Mjomba aligeuka kutazama skrini ya Bibi. Dereva alitikisa kichwa polepole. "Basi labda imeharibika mfukoni mwangu. Joto la lori. Nilipaswa kuja mapema." Aliichukua kadi, akaifunga kwenye leso. "Ahsante hata hivyo, binti. Umejitahidi. Nitatafuta nyimbo niiwekee, nisisafiri na kadi tupu."

Ile ahsante ndiyo iliyomshinda Chapu. Angemfokea, labda angevumilia. Alimtazama anavyotembea kuelekea kwenye lori, bega moja limeshuka, akijilaumu kwa kosa lisilo lake. Chapu akaruka dirisha badala ya kupita mlangoni.

"Mzee, usiondoke. Si kadi. Ni mimi. Niliondoa ukimya wote, halafu nikafuta faili. Niliambiwa nisiguse, nikagusa. Nimekudanganya."

Dereva alikuwa ameshaweka mguu kwenye ngazi ya lori. Aliuteremsha. Akakaa kwenye ile ngazi, akaweka leso usoni, na mabega yake yakatikisika bila sauti. Fundi cherehani alisimamisha mashine yake. Mtaa ulikuwa na watu, lakini hakuna aliyejua mahali pa kutazama.

"Kati ya neno na neno alikuwa anafagia," dereva alisema baadaye, leso ikiwa bado usoni. "Alikuwa anapepeta mchele. Anavuta kigoda. Anapumua. Mimi sikutaka anachosema. Nilitaka nikae naye."

Chapu alitaka kusema samahani, lakini neno lenyewe halikumtosha. Lilikuwa dogo kuliko kitu kilichopotea.

Mjomba alikuwa ameshafika. Alinyosha mkono. "Nipe kadi, mzee. Usiiwekee kitu chochote. Faili likifutwa halipotei hapohapo. Linabaki mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Vipande alivyoandika huyu vimeharibu sehemu fulani, hilo siwezi kulificha. Lakini kilichobaki nitakitafuta. Ungeweka nyimbo zako jioni hii, tusingepata hata pumzi moja."

"Utapata kiasi gani?"

"Sijui. Nikisema najua nitakuwa nakudanganya mara ya pili."

Halafu Mjomba alieleza jambo moja zaidi. Faili lililofufuliwa huja na mashimo, sehemu ambazo hazina sauti kabisa. Kompyuta haiwezi kutofautisha shimo na ukimya wa nyumbani. Kwake vyote ni kimya. Lazima mtu asikilize kwa masikio yake, mwanzo hadi mwisho, aweke alama palipo na shimo.

"Nitasikiliza mimi," Chapu alisema. "Chote kitakachopatikana. Kwa mwendo wake, sirushi hata kidogo."

Dereva alimtazama kwa macho mekundu. "Hiyo ni siku ya mtu mzima aliyekaa nyumbani, binti. Si wimbo."

"Najua. Naahidi. Kesho ukija utaikuta."

Alipokuwa akienda nyumbani ndipo alipokumbuka fainali.

Asubuhi ya Jumamosi Mjomba alikuwa na macho mazito. Programu yake ilikuwa imefanya kazi usiku kucha, ikiokota kipande, ikikiandika kwenye diski ya kuazima, ikikiachia, ikiokota kingine, ndani ya ile kumbukumbu ndogo ya Bibi. Safari hii nakala ilitangulia.

"Sehemu kubwa imepatikana," alisema. "Asubuhi yote, mchana wote, na alasiri kiasi. Mwisho haupo. Vipande vyako viliangukia hapo."

"Honi?"

"Honi haipo. Kwenye ule mkato wako haikubaki pia, ilikuwa mbali mno, programu iliihesabu kuwa ni kimya. Limebaki lile neno lake tu, 'Huyo.'"

Chapu alivaa hedifoni.

Mwanzoni alidhani hasikii kitu. Aliona muda unavyokwenda kwenye skrini, akataka kusogeza mbele; kidole chake kilikuwa tayari kwenye kipanya. Akakikalia kiganja chake. Polepole ile nyumba ikaanza kutokea. Ufagio ulipita sakafuni, ukasimama, ukapita. Maji yalimiminwa kwenye ndoo. Mlango ulilia. Mwanamke alikohoa kidogo, akasafisha koo, akaendelea na kazi zake. Mahali pengine sauti ilikatika, na Chapu aliruka kwa mshtuko: hapakuwa na nyumba tena, palikuwa na ukuta mweusi. Akaweka alama. Kisha nyumba ikarudi, na pumzi yake. Baada ya hapo hakuhitaji kujiuliza tena. Ukimya wa mtu aliyepo na ukimya wa mahali pasipo na mtu havikufanana hata kidogo.

Alasiri Nahodha wa timu alikuja dirishani, ameshavaa jezi.

"Chapu, wewe. Tunaanza sasa hivi. Umekaa hapo unasikiliza nini?"

"Mtu anachambua mchele."

"Anasemaje?"

"Hasemi kitu."

Nahodha alimtazama Mjomba, akamtazama Chapu tena. "Yaani unatuacha kwenye fainali kwa ajili ya mchele. Nani atafunga? Yule mbadala wako anaogopa mpira kama paka anavyoogopa maji."

Mjomba alisogea karibu. "Nenda, mama. Kimebaki kidogo. Hicho nitakipitia mimi juujuu kati ya mteja na mteja. Mzee hatajua."

Chapu aliinuka. Viatu vyake vya kuchezea vilikuwa chini ya meza, kamba zimefungwa tayari. Kwenye hedifoni zilizoning'inia shingoni alisikia, kwa mbali, kigoda kikivutwa. Mke wa dereva alikuwa anakaa kupumzika.

"Juujuu ndivyo nilivyofanya jana," alisema. "Niwie radhi, Nahodha. Niliahidi."

"Usije ukatuomba nafasi tena," Nahodha alisema, na alikuwa analia alipoondoka.

Uwanja ulikuwa nyuma tu ya nyumba za mtaa ule. Kelele za mashabiki zilipenya hedifoni, na Chapu alizijua bila kuona. Kelele nyingi zilikuwa za upande ule mwingine. Alifuta machozi kwa bega ili mkono usitoke kwenye kipanya, kwa sababu shimo lingeweza kutokea wakati wowote. Lilipotokea, aliliwekea alama.

Lori lilisimama nje kipande cha mwisho kikiwa kinaendelea. Dereva aliingia, na Chapu aliinua kiganja: bado. Alingoja. Wote watatu walikaa kimya ndani ya duka, mpaka kipande kikaisha ghafla, katikati ya alasiri isiyofika jioni.

Mjomba alikata palipo na alama, akavipakia vipande kwenye kadi, akamkabidhi dereva na kumweleza ukweli wote kuhusu mwisho uliopotea. Dereva alisikiliza akitazama sakafu.

"Lori liko hapo nje," Chapu alisema kwa sauti ndogo. "Ungepiga honi, tungeirekodi. Tungeiweka mwishoni, kabla ya lile neno."

Dereva alitikisa kichwa. "Hapana, mwanangu. Hiyo itakuwa honi ya leo. Leo hakuna wa kuisikia nikifika." Kisha akauliza, "Umesikiliza chote?"

"Chote. Asubuhi aliangusha kifuniko cha sufuria, kikazunguka sana sakafuni, akacheka."

"Alikuwa na nani?"

"Peke yake. Na mchana alikaa kwenye kigoda kile kinacholia, nadhani alisinzia. Pumzi yake ilibadilika. Kuku aliingia, akaamka, akamfukuza."

"Alicheka peke yake," dereva alirudia. Alisimama pale na kadi mkononi, kama mtu aliyepewa habari za safari ambayo hakuwapo. "Miaka yote ile. Sikujua kwamba alikuwa anacheka peke yake."

Aliwashika wote wawili mkono, akatoka. Mjomba alisubiri mlango wa lori ufungwe, ndipo akasema.

"Sikiliza, mama. Haraka yako imempokonya kitu ambacho wewe na mimi hatutaweza kumrudishia, na utakua ukilijua hilo. Lakini ungeficha mpaka asubuhi, angepoteza siku yote. Kusema kweli hakutengenezi kila kitu. Kunaokoa kile ambacho bado kinaweza kuokolewa, na kunaokoa zaidi ukisema mapema. Kazi ya mtu ikiwa mikononi mwako, usiamue wewe kipi ni muhimu na kipi ni takataka. Muulize mwenyewe."

"Ndiyo, Mjomba."

Nje, kina Nahodha walikuwa wakirudi kutoka uwanjani, vichwa chini, wanaburuta begi la mipira. Hakuna aliyegeuka kutazama dirishani. Chapu aliwaona, akawaacha wapite. Lori liliunguruma mpaka njia panda, likapunguza mwendo, likakata kona bila honi. Chapu alisimama akilisikiliza mpaka likaisha kabisa. Kisha akarudi mezani, akavaa hedifoni, kwa sababu ilibaki nakala ya akiba ya kukagua, na hiyo pia alikuwa amemwahidi Mjomba asubuhi.